Bi Semeni Sabiri, Mtembezi wa Kipupwe (1957–2025)

Ndugu, jamaa na majirani, tunayemsitiri leo, Jumapili tarehe 13 Julai 2025, ni Semeni binti Sabiri Mhina, mke wa fundi Uweso wa Barabara ya Kumi na Nne, Ngamiani. Wengi mlimwita Bibi Shamba. Wengine hamkuwahi kumwita chochote, mlimwona akipita tu, maana hakuwa mtu wa kumkuta ameketi. Sehemu kubwa ya maneno haya aliyasema mwenyewe mwezi uliopita akiwa kitandani, binti yake Zuwena akiandika. Kila Zuwena alipotaka kumpamba, mama alimkatiza. "Futa hilo. Andika nilichofanya."

Alizaliwa siku ya Ijumaa, tarehe 14 Juni 1957, katika kitongoji kilicho nje kidogo ya Maramba, akiwa mtoto wa tatu wa mzee Sabiri Mhina, mkulima wa mahindi na machungwa, na mkewe Bi Chiku. Mama yake alipenda kusimulia kwamba Semeni alianza kutembea akiwa na miezi tisa, na siku hiyohiyo ya kwanza alivuka uwanja, akavuka njia, akakutwa kwa jirani ameshika mkia wa mbuzi. Kesho yake alivishwa njuga miguuni ili ajulikane aliko. Njuga hazikusaidia sana. Alijifunza kutembea bila kuzitikisa.

Alikuwa na mdogo wake wa kiume, Sele, waliyepishana miaka minne. Hapa pana jambo ambalo baadhi ya wazee wa ukoo waliomba jana lisisomwe. Walisema ni mambo ya miaka sitini, yafukuliwe ya nini. Tunawaheshimu wazee wetu na tunawaomba radhi. Lakini marehemu aliagiza lisomwe, tena hadharani, na aliwafanya mumewe na watoto wake wote wawili waitikie mmoja mmoja.

Mwezi wa Juni mwaka 1966 mvua za masika zilichelewa kukatika, na ardhi ilikuwa bado na unyevu baridi ilipoanza. Bi Chiku alikwenda msibani kijiji cha pili na mzee Sabiri alikuwa shamba. Semeni, mwenye miaka tisa, alimchukua Sele wakaenda kuokota uyoga kando ya shamba la mkonge. Sheria ya nyumba ilikuwa moja: uyoga hauingii chunguni mpaka mama auone. Siku hiyo mama alichelewa. Sele alilia njaa. Semeni aliuosha ule uyoga, mweupe, mzuri wa kutazama, akaupika kwa nazi, akampakulia mdogo wake. Yeye mwenyewe hakukaa. Alikumbuka ameuona mwingine chini ya kisiki, akatoka mbio kuufuata kabla giza halijaingia. Aliporudi, bakuli lilikuwa jeupe.

"Dada, mtamu," Sele alimwambia. "Nimekumalizia na wako."

Usiku ule mtoto alitapika. Siku ya pili alipata nafuu, akanywa uji, akacheza uani, na kila mtu akashusha pumzi. Siku ya nne, Jumatano tarehe 22 Juni 1966, alifariki dunia. Watu waliambiwa ni homa. Semeni alingoja kugombezwa. Alingoja siku ile, na wiki ile, na mwaka ule. Baba hakusema. Mama alikiosha kile chungu, akakifunika chini ya mti wa mlimau, asikitumie tena, naye hakusema. Bi Chiku alifariki mwaka 1998 bila kulitaja jambo lile hata mara moja, na marehemu alimwambia Zuwena kwamba fimbo yoyote ingekuwa nyepesi kuliko kimya kile.

Alisoma shule ya msingi Maramba kuanzia 1966 hadi 1972. Mwaka wa kwanza nusu nzima hakufungua mdomo darasani, walimu wakadhani ni bubu. Akili ilikuwepo, kukaa ndiko kulikomshinda. Mwalimu wake wa darasa la nne alichoka kumrudisha dawatini, akamkabidhi bustani ya shule. Akamwambia kila anachokiona huko nje akiandike na alete daftari Ijumaa. Hilo ndilo lililokuwa daftari lake la kwanza. Lilikuwa na majani, wadudu, ndege wa kwenye uzio, na ukurasa mmoja baada ya mwingine wa uyoga uliochorwa kwa penseli, juu, ubavuni na chini. Aliendelea na masomo ya sekondari mjini Tanga, akamaliza kidato cha nne mwaka 1976. Kisha akajiunga na chuo cha kilimo, akapata cheti mwaka 1979.

Mwaka huohuo aliajiriwa kuwa bibi shamba, na kituo chake cha kwanza kilikuwa Kigombe. Kazi ilimkaa kama nguo ya kupimiwa, kwa kuwa ilikuwa ya kutembea. Alitoka nyumba hadi nyumba, akikagua mihogo na minazi. Maji yalipokupwa alishuka hadi kwenye mikoko kuhesabu ndege wa pwani, jambo ambalo mkuu wake wa kazi hakulielewa na hakulikataza. Mwaka 1984 alipangiwa Maramba, nyumbani kwao. Akaandika barua ya kukataa. Katika miaka thelathini na minane ya utumishi hicho ndicho kituo pekee alichokikataa, na hakuna aliyejua sababu. Alipelekwa vijiji vya Muheza, na mwaka 1990 akapandishwa Amani, ambako alikaa hadi alipostaafu mwaka 2017. Tukisema alikaa, tunamaanisha kwamba alikuwa na chumba huko.

Amani ilimpa alichokuwa akikitafuta, na pia ilimnyima usingizi. Huko juu kipupwe ni kipupwe kweli. Kuanzia Juni hadi Agosti ukungu hulala juu ya mashamba ya chai mpaka saa nne, manyunyu hayakatiki, na kila gogo lililooza huota kitu. Kila mwaka likizo yake aliichukua Julai. Aliingia msituni asubuhi na daftari, kisu kidogo, na mfuko wa turubai mabegani, akatoka jioni akiwa amelowa hadi magotini. Aliandika uyoga kwanza, halafu maua, halafu ndege. Na popote alipopita nyumba ya mtu na kuona moshi jikoni, msimu wa uyoga, aliomba kuona chungu.

Watu wa Amani mnamkumbuka kwa hilo, wengine kwa kucheka, wengine bila kucheka. Katika maisha yake alimwaga vyungu vitatu. Cha kwanza kilikuwa cha Bi Beatrisi, mwaka 1996. Semeni alichungulia, akaona weupe, hakuuliza, akakipiga teke kikamwagika chote majivuni.

"Wewe mwanamke una wazimu?" Bi Beatrisi alisema. "Watoto wangu wale nini?"

"Wasile hicho."

"Huo ni uyoga wa kichuguu! Bibi yangu ameula, mama yangu ameula!"

Alipelekwa ofisi ya kijiji, na mtendaji akamwamuru aketi asubiri. Walioshuhudia wanasema alizunguka kile chumba kama kuku anayetafuta pa kutagia mpaka waamuzi wakaja. Uyoga ulipoletwa na kukaguliwa ulikuwa mzima, wa kuliwa, hauna kosa lolote. Semeni aliomba radhi mbele ya watu. Kesho yake alifajiri mlangoni kwa Bi Beatrisi na kikapu cha maharage na samaki wa kukaanga, akasema, "Dada, nimekuja nifundishwe." Bi Beatrisi alimwacha amesimama nje muda mrefu kabla ya kumfungulia. Kisha akamfundisha uyoga wa aina kumi na nne, mwingine wenye majina ya Kishambaa tu, na urafiki wao haukuvunjika tena. Bi Beatrisi ameshuka toka Amani alfajiri ya leo, yupo nasi hapa. Chungu cha pili nacho kilikuwa kizima. Cha tatu, mwaka 2004, kilimwagwa, kuku wawili wakadonoa, na kesho yake kuku wote wawili walikuwa wamekufa. Familia ile ilikuwa na watu saba. Marehemu hakuwahi kuwasimulia watu habari za kuku wale. Aliulizwa na Zuwena kwa nini. Alijibu kwamba saba ni saba, lakini hawamrudishi mmoja.

Turudi nyuma kidogo kwenye ndoa. Mwaka 1982, akiwa bado Kigombe, alikuja mjini na kipande cha turubai. Akakiweka juu ya meza ya cherehani ya kijana mmoja mpole asiyeinua macho, akaomba ashonewe mfuko wa mabegani wenye mifuko tisa ndani.

"Mifuko tisa ya nini, dada?" Uweso aliuliza.

"Uyoga hauchanganywi. Mbaya mmoja wauharibu wote."

Uweso alishona. Baada ya wiki tatu mfuko ulirudi umefumuka ubavuni. Akashona tena. Baada ya mwezi ukarudi, umefumuka palepale. Mara ya nne Semeni alisema kwa hasira kwamba fundi huyu hajui kazi, na Uweso, kwa mara ya kwanza, akainua macho. "Kazi naijua," alisema. "Uzi huu nauachia makusudi. Ningeukaza, ungerudi lini?" Walifunga ndoa Ijumaa tarehe 9 Septemba 1983. Mfuko ulishonwa kwa uzi wa mkonge, na haukufumuka tena.

Walijaaliwa watoto wawili, Zuwena mwaka 1985 na Nasri mwaka 1989. Tusifiche kwamba ndoa ile ilikuwa na maneno ya watu. Mume anakaa Ngamiani kwenye cherehani yake, mke yuko milimani anakimbizana na ndege. Watoto walilelewa zaidi na baba na shangazi yao. Mama alikuja Ijumaa, akaondoka Jumapili, na hata hizo siku mbili alikuwa kama mtu aliyesahau kitu mahali. Uweso aliulizwa msikitini, aliulizwa barazani, aliulizwa na dada zake: "Mkeo hakai?" Alikuwa na jibu moja. "Hakai, lakini hurudi."

Zuwena hakuwa na uvumilivu wa baba yake. Alijifungua mtoto wake wa kwanza, Hiba, tarehe 15 Julai 2009, uzazi mgumu wa siku mbili. Mama alikuja, akamwosha mtoto, akampikia mzazi uji wa pilipili manga. Siku ya tatu asubuhi Zuwena alimwona anafunga viatu.

"Mama, hata leo?"

"Nitarudi jioni, mwanangu."

"Nini kiko huko? Hebu niambie, nini kiko huko kinachonishinda mimi?"

Marehemu aliinuka. Alisimama mlangoni na kiatu kimoja mkononi, kisha akatoka. Hakurudi jioni ile, alirudi kesho yake. Zuwena hakuzungumza naye mwaka mmoja na miezi kumi na moja. Mama aliendelea kuja kila wiki kumwona mjukuu, akisalimia, asijibiwe, akiondoka. Ilikuwa nyumba ya mashaka. Nasri, aliyekuwa kijana wa miaka ishirini, alikuwa akibeba ujumbe kati ya vyumba viwili vilivyotenganishwa na pazia.

Mwishowe ni baba aliyesema. Siku moja ya Julai mwaka 2011, bila kusimamisha cherehani, alimwambia binti yake, "Umemuuliza kwa mdomo hakukujibu. Usimuulize tena. Mfuate."

Zuwena alimfuata. Walipanda gari la Amani asubuhi, viti viwili tofauti, wakashuka bila neno. Waliongozana na Bi Kulsum, mwenye duka la vifaa vya shule hapa mjini. Huyu aliwahi kumuuzia marehemu madaftari mengi kiasi kwamba akataka kujua yanakwenda wapi, na tangu mwaka 2005 alikuwa akitembea naye kila kipupwe na darubini yake shingoni. Njia ilikuwa ya utelezi. Ukungu ulizidi mpaka miti ikawa inajitokeza mmoja mmoja, kama watu wanaokuja kuulizwa jambo. Juu kabisa hondohondo walipita, na mvumo wa mbawa zao ulimfanya Zuwena ainame. Kwenye mwamba unaotiririka maji mama alimwonyesha maua madogo ya zambarau, majani yake yana manyoya kama sikio la paka. Wenyeji huyaita dughulushi, na watu wa nchi za mbali waliyachukua wakayafanya ya madirishani. Zuwena aliyaona ni mazuri, na hasira ikamzidi. Maua! Kwa ajili ya maua!

Mbele kidogo marehemu alisimama kwenye kisiki, akachuchumaa. Palikuwa na uyoga mweupe, mmoja, unang'aa kwa manyunyu.

"Waona huu?" alisema.

"Nauona."

"Huu ndio niliompikia mjomba wako Sele."

Akamwambia yote. Alisema akiwa amempa mgongo, akiondoa majani makavu kwenye shina la ule uyoga kwa ncha ya kisu, taratibu, mpaka kikaonekana kile kikombe kilichojificha chini ya udongo ambacho mtoto wa miaka tisa asingejua kukitafuta. Bi Kulsum, aliyekuwa hajui kitu, alishusha darubini akasogea mbali.

"Na wewe hukula?" Zuwena aliuliza baadaye.

"Sikukaa," mama alisema. "Ningekaa chini kama watu, ningeonja kwanza, ningekuwa mimi. Ama tungekwenda wote. Sikukaa, Zuwena. Na tangu siku ile nikikaa, namwona na bakuli."

Zuwena anataka ijulikane kwamba hakumkumbatia mama yake wala hakulia. Aliuliza jinsi ya kuutambua. Aliuliza pete ya shinani iko wapi, kikombe kiko wapi, chini ya kofia kuna rangi gani, na mama akamwonyesha. Walikaa pale saa nzima, na walipoinuka walirudi kwenye gari wakakaa kiti kimoja. Tangu mwaka ule walitembea pamoja kila kipupwe.

Mwaka 2016 matembezi yale yakawa ya watu wengi. Walimu walikuja, akina mama wa vijijini walikuja, na vijana wa mjini walikuja na simu zao za kupigia picha. Kila Jumamosi ya Juni, Julai na Agosti waliingia msituni na marehemu mbele. Hakuwa mwalimu wa kubembeleza. Mtu akisema "ndege mzuri" aliulizwa mdomo wake ulikuwaje. Mtu akichuma ua aliambiwa alirudishe, na alipolia kwamba halirudishiki aliambiwa, "Basi umelijua hilo." Lakini alipofika kwenye uyoga sauti yake ilibadilika, akazungumza pole, akihakikisha kila mmoja ameshika, hasa wasichana wadogo wenye wadogo zao nyumbani. Kabla ya leo hakuwahi kuwaambia kwa nini.

Ugonjwa ulianza mwezi wa Novemba 2022. Miguu ilivimba, pumzi ikawa fupi. Madaktari waligundua moyo umetanuka, wakampa dawa na kumtaka apumzike. Marehemu aliuliza kama kupumzika ni kukaa au ni kulala. Alipojibiwa kwamba yote mawili, alishukuru, akarudi nyumbani, akaanza kuuzunguka ua. Majirani wa Barabara ya Kumi na Nne mtakumbuka zile ndara zake, asubuhi na jioni, mume anashona barazani na mke anapita nyuma yake, anapita, anapita. Kipupwe cha mwaka 2024 alisisitiza apelekwe. Alitembea hatua zisizofika mia mbili, akashika mti, akasema waendelee bila yeye. Walipogeuka kumwangalia alikuwa ameketi kwenye mizizi. Hawakuwahi kumwona hivyo, na wote waliogopa.

Mwaka huu hakuinuka kabisa. Alifanya jambo jingine: alimtuma Zuwena, na Jumamosi jioni akamhoji.

"Mmeona nini kwenye magogo?"

"Uyoga wa rangi ya chungwa, mama. Mwingi."

"Chini ya kofia?"

"Sikuangalia."

"Basi hukuona uyoga, umeona kofia. Juma lijalo uangalie."

Alikuwa mkali mpaka mwisho, na wale waliomtembelea wakitarajia kumfariji walitoka wamepewa kazi. Aliyatoa madaftari yake, thelathini na moja kwa idadi, akiagiza yawekwe kwa Bi Kulsum dukani, mtu yeyote aruhusiwe kufungua.

Jana, Jumamosi tarehe 12 Julai, Zuwena alitaka kubaki. Mama alikuwa amelala vibaya na midomo yake ilikuwa na rangi ambayo binti hakuipenda. Marehemu alimwangalia anavyozungukazunguka chumbani, akasema, "Wewe nawe! Nenda. Utaniambia." Zuwena alimtazama baba yake, na baba akaitikia kwa kichwa. Akaenda. Saa nne na nusu asubuhi Bi Semeni alimwomba Uweso amwinue kidogo, akavuta pumzi mbili, na ya tatu haikuja. Alikuwa na umri wa miaka sitini na minane na siku ishirini na nane.

Simu hazishiki msituni. Zuwena alipata habari saa nane, alipofika kwenye lami. Aliingia nyumbani saa kumi kasoro, matope hadi magotini, nyumba imejaa watu na waoshaji wameshatayarisha maji. Alipita katikati yao bila kuvua viatu. Akaketi sakafuni karibu na kitanda, akaomba apewe dakika chache. Halafu akaanza kusema. Alisema walianzia chini, karibu na Mto Zigi, kwa sababu ya utelezi. Alisema wameona kigong'ota dume, na ndege chozi wawili wakigombania ua moja jekundu. Alisema kwenye kingo za mto wamekuta maua meupe ya kuning'inia ambayo hakuna aliyeyajua, wameyachora. Alisema yule ndege mdogo wa kifua cha manjano, anayekaa milimani mwaka mzima na kushuka baridi ikizidi, ameshashuka, wamemwona mara mbili, ana doa jeupe mbele ya jicho. Alisema kila kitu kwa utaratibu wake, mahali na saa, kama alivyozoezwa. Nasri alimshika bega akamnong'oneza kwamba waoshaji wanangoja, naye akanyamaza katikati ya neno.

Ndipo fundi Uweso, aliyekuwa ameketi upande wa pili wa kitanda tangu asubuhi bila kuzungumza na mtu, akauliza, "Na kurudi je? Mlipita wapi?"

Watu walitazamana. Zuwena akamweleza baba yake njia ya kurudi, kwenye minazi, kwenye mashamba ya iliki, mpaka barabarani. Mzee alisikiliza mpaka mwisho.

"Jumamosi ijayo mwenda?"

"Twenda, baba."

"Basi mnipitie," alisema. "Viatu ninavyo. Nilishonewa mwaka ule wa ndoa, sijavivaa."

Bi Semeni ameacha mume, fundi Uweso. Watoto wawili, Zuwena na Nasri. Wajukuu wanne, mkubwa wao Hiba, ambaye bibi yake mwenyewe alisema amefikisha umri wa kubeba darubini. Dada yake wa tumbo moja aliyeko Maramba. Rafiki na mwalimu wake Bi Beatrisi. Na msafiri mwenzake Bi Kulsum. Familia inawashukuru nyote mliomuuguza na mliokuja kumsindikiza. Aliowakosea anawaomba radhi, na alituagiza tuwataje kwanza wale wa vyungu viwili.

Ewe Mola wetu, mja wako Semeni yuko njiani kuja kwako, na bila shaka anakuja haraka. Mpokee, umsamehe, umketishe mahali pema, na umpe utulivu ambao sisi hatukuweza kumpa. Amina.